Mabaraza ya Lenin na Shura ya Sayyidna Umar

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), tumeombwa tukitazame kitabu cha Lenin, Dola na Mapinduzi, alichokiandika Agosti na Septemba 1917. Baadhi ya vijana wetu husema kwamba neno la Kirusi "soviet" maana yake ni baraza au shauri, kwa hiyo mabaraza ya wafanyakazi ndiyo shura iliyotajwa katika Surat Ash-Shura, aya ya 38.

Tuwe waadilifu. Kitabu hicho, kikifuata mfano wa Komyuni ya Paris ya 1871, kinataka viongozi wachaguliwe, waweze kuondoshwa wakati wowote, na walipwe ujira wa mfanyakazi wa kawaida. Hapo hatuna ugomvi nacho. (Na ni misikiti mingapi yetu ambayo kamati yake inaweza kuondoshwa?)

Tunachokikosoa ni kipimo chake cha nani ashauriwe. Kipimo ni tabaka: wafanyakazi, na wakulima maskini nyuma yao. Kipimo hicho hicho kilitumika Tashkent mwaka 1917. Baraza la huko lilikuwa la wafanyakazi wa reli na askari, takriban wote Warusi, katika nchi ambayo wakazi wake wengi mno walikuwa Waislamu. Maulamaa walipendekeza serikali ya pamoja. Mkutano wa mabaraza wa Novemba ukawazuia Waislamu kuingia katika vyombo vya juu, kwa hoja kwamba hawakuwa na jumuiya za tabaka la wafanyakazi. Waislamu wakatangaza serikali yao Kokand. Februari 1918 majeshi ya Tashkent yakauchoma mji na kuua maelfu. Baadaye mwaka huo Moscow ililazimisha Waislamu waingizwe, lakini Kokand ilikwisha kuteketea.

Sasa tazama ardhi ya Iraq zama za Sayyidna Umar (r.a.). Abu Yusuf anaeleza katika Kitabul-Kharaj kwamba wapiganaji walitaka wagawiwe. Umar akawashauri Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari kumi, watano wa Aus na watano wa Khazraj. Hoja yake ilikuwa juu ya watakaokuja baadaye: watabakiwa na nini? Ardhi ikaachwa mikononi mwa wenyeji wake, ambao hata Waislamu hawakuwa, ikatozwa kharaj.