Sombe ya sashe: tununue ao tuache?



Mwezi uliopita dada mmoja wa kwetu, tulimaliza naye lisansi mwaka mmoja, aliniomba kitu kidogo: niandike hapa kwamba sashe zake za sombe ni nzuri. Anazitengeneza nyumbani kwao, hapa Bukavu. Ameweka ndani akiba yake yote, na deni juu. Nilimujibu: "Dada, nitaandika, lakini nitapika kwanza." Akacheka. Maandiko haya nilimusomea yeye mbele ya kuyaleta kwenu, juu si vizuri mtu asikie kwa wengine neno ambalo ungeweza kumwambia machoni.

Kwa wale ambao hawajaiona: sashe ina sombe mbichi iliyokwisha kutwangwa, kitunguu, kitunguu saumu, puavro na bilinganya vilivyokatwa, sambaza kavu, na mawese katika kisashe kidogo pembeni. Inauzwa imeganda. Juu yake kumeandikwa: "Weka tu ku moto, dakika 30." Bei ni 10000 FC, na inatosha watu wanne. Imefungwa vizuri, usafi upo, sikupata mchanga hata chembe. Hilo niliseme wazi, maana sombe yenye mchanga wote tunaijua.

Jumamosi ya kwanza nilipika sashe. Jumamosi ya pili nilishuka soko ya Kadutu nikanunua kila kitu kimoja kimoja. Mbabula ileile, sufuria ileile, walaji walewale, ni kusema mimi, wadogo wangu wawili na Mama.

Hesabu ya soko ni hii. Sombe iliyosagwa ku mashini: 2000. Sambaza kavu: 2500. Mawese: 1500. Bilinganya na puavro: 700. Vitunguu vyote: 500. Jumla 7200 FC. Makala nilichoma ya 2000 mara zote mbili. Basi sombe ya sashe ilinigharimu 12000, ya soko 9200. Tofauti ni 2800.

Sasa, hiyo 2800 ilininunulia nini? Hapo ndipo nilikaa na saa mkononi. Kuosha na kukata vitu vya soko kulinichukua dakika 25. Kisha moto: sombe ya soko ilikaa ku mbabula saa mbili na dakika kumi. Na ya sashe? Saa mbili na dakika kumi. Zile dakika 30 za kwenye karatasi zilipofika, nilionja. Ilikuwa majani. Mdogo wangu alisema ni chakula ya mbuzi.

Ni kusema nililipa 2800 FC ili nisikate bilinganya kwa dakika 25. Tufanye hesabu kama wasomi: hiyo ni zaidi ya 6700 FC kwa saa moja. Wangapi kati yetu tunalipwa 6700 kwa saa? Wengine bado tunafanya staji ya bure na kutembeza dosie kila Jumatatu. Mtu anayelipwa chini ya hapo, akinunua sashe hii, anamulipa mwingine mshahara ambao yeye mwenyewe haujui.

Mama ndiye alinisaidia kuiona vizuri. Yeye alitwanga sombe ya kuuza miaka yangu yote ya sekondari; minervali yangu ilitoka mu kinu. Nilipomuonyesha sashe aliigeuza, akaipima kwa mkono, akauliza bei. Nilipomutajia, hakukasirika. Alisema tu: "Mwanangu, hapa ulinunua kisu. Moto bado iko yako."

Neno hilo ndilo hoja yangu yote. Chakula kinachoiva pole pole, kama sombe ao maharagi, gharama yake kubwa haiko katika kukata. Iko ku moto. Iko katika makala, katika yale masaa unayokaa karibu na mbabula ukiongeza maji, huwezi kwenda kwenye kozi, huwezi kulala. Sashe inayokuondolea kisu na kukuachia moto imekusaidia pale ambapo mzigo ulikuwa mwepesi.

Na huo moto hatuwezi kuukata kwa kutaka tu. Jani la muhogo lina dutu ambayo, jani likipondwa, inageuka na kutoa sianidi. Kutwanga kunaifungulia mlango, kisha maji yanayochemka yanaiondoa kwa mvuke. Ndiyo maana mama zetu wanachemsha sombe kwanza bila kifuniko, mawese yanakuja nyuma. Wao hawakusoma kemia, lakini kazi ilifanyika vizuri. Majani yaliyopondwa vibaya na kuchemshwa haraka haraka yanaweza kubakiza sumu. Kwa hiyo ile "dakika 30" nilimuomba dada aifute. Hapo tu sikubembeleza.

Jumamosi ya tatu nilijaribu kitu kingine, kusudi nisiseme kila chakula cha tayari ni kibaya. Kuna mama wa kartiye yetu anayeuza maharagi ya kuchemshwa. Anapika usiku mu sufuria kubwa kabisa, asubuhi anapima na kutia mu sashe. Hakuna karatasi, hakuna jina, hakuna rangi. Nilinunua ya 3000, kiasi sawa na nusu kilo ya maharagi makavu. Nikaongeza kitunguu na mafuta, dakika 15 ku moto, makala ya 500. Jumla, bila mafuta na kitunguu, 3500 FC.

Kisha nikapika mwenyewe nusu kilo ya makavu: maharagi 1500, makala 2500, na masaa karibu matatu, ingawa niliyaloweka usiku mzima na kumwaga maji ya kwanza. Jumla 4000. Umeona? Yaliyopikwa yalikuwa na bei ya chini kuliko mabichi! Siyo muujiza. Sufuria kubwa ya watu arobaini haiombi makala mara kumi ya sufuria ya watu wanne. Yule mama anagawanya moto mmoja kwa nyumba nyingi. Anatuuzia moto, na anauuza bei ya chini kuliko tunavyoweza kujitengenezea.

Na moto wetu una bei nyingine ambayo haiandikwi popote. Sehemu ya makala yanayochomwa Bukavu inatoka katika miti ya mbuga ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyo katika urithi wa dunia tangu 1980 na katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Nyumba kumi zikila kutoka sufuria moja, ni mbabula kumi ambazo hazikuwashwa masaa matatu.

Mtu atasema: lakini Marekani wanafanya hivi hivi, na wanaendelea. Ni kweli. Binamu yangu anayeishi kule ananunua mifuko ya namna hiyo: nyama mbichi, karoti, viazi, viungo, vyote vimekatwa. Anamwaga mu sufuria ya umeme inayopika pole pole, anaenda kazini, anarudi baada ya masaa nane chakula kimeiva. Lakini angalieni tofauti. Sufuria yake inakula wati 200 hivi, kama taa mbili za zamani, na haimuombi akae karibu. Moto wake ni wa bei ndogo, na unajichunga wenyewe. Kilichobaki kumuuzia ni kisu, na yeye anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, basi anakinunua. Hata hivyo amekwisha kusema kwamba karoti anaweza kukata mwenyewe siku ya Mungu. Na maharagi mekundu makavu haweki mule ndani kabla hajayachemsha kwa nguvu ku moto wa kawaida, maana yana sumu yake ambayo joto la pole haliiui.

Sisi hapa Ruzizi inatupa umeme, lakini delestaji tunaijua. Na delestaji inagusa sashe kwa upande mwingine pia: sombe mbichi iliyogandishwa, ikayeyuka usiku, ikaganda tena asubuhi, inachacha. Mukiona barafu imekaa kipande kimoja chini ya sashe, ao sashe imechukua umbo la kitu kilichoilalia, muiache. Ingefaa pia tarehe iandikwe juu. Kwa sasa haipo.

Basi hukumu yangu ni hii. Maharagi ya kuchemshwa ya mama wa kartiye: tununue, bila haya, hata mwenye lisansi mbili. Sombe iliyosagwa ku mashini, peke yake, ya siku ileile: tununue, maana kutwanga ni kazi ya mgongo na mashini inaifanya kwa dakika chache. Sashe ya 10000 yenye kila kitu kibichi: hapana. Isipokuwa uko na kazi inayokulipa vizuri na makala ya kutosha, na hata hapo utakuwa unalipia karatasi.

Najua neno linalosemwa katika asosiasio yetu: tuunge mkono biashara za wasomi wenzetu. Nakubali. Lakini kumununulia mtu mara moja kwa huruma si kumuunga mkono. Atahesabu wateja mwezi wa kwanza, atakopa tena, mwezi wa tatu hatutaonekana. Afadhali asikie sasa.

Dada aliposikia yote haya alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza swali la haki: "Nikiipika mbele, makala nani atanilipa? Na sombe iliyoiva, moto ikikatika siku moja, si nimetupa yote?" Nilimwambia asiigandishe. Apike Jumamosi tu, kwa komandi, watu walipe Alhamisi, wachukue saa sita ikiwa ya moto. Frigo haitahitajika, na hatapika zaidi ya ile iliyolipiwa. Alisema sufuria kubwa hana. Nilikuwa sina jibu.

Mama alikuwa anasikiliza akichambua mchele. Alisema ile yake ya zamani, ya kuuzia, iko nyuma ya nyumba, imetoboka kidogo ku sikio lakini chini ni nzima. Dada alikuja kuichukua jana. Jumamosi hii anapika ya watu ishirini, na mimi nimelipa ya wanne, kama mteja. Nikikuta ni mbaya, nitawaambia.