Ramani ya "Afrika inapasuka" imetusahau Kunduchi

Bila shaka umeshatumiwa ile video ya ufa wa Mai Mahiu, Kenya, wa Machi 2018. Kweli bara linaachana, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ufa ule wanajiolojia wengi waliona umefukuliwa na mvua iliyosomba majivu ya volkano. Lakini kasoro kubwa iko kwenye ramani zinazosambazwa nayo: mstari mwekundu unafuata Bonde la Ufa tu, kana kwamba sisi wa Kunduchi ni watazamaji. Mbona tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa takriban 6, kutoka chini ya Bahari ya Hindi, liliitikisa Dar? Mipasuko ipo hata baharini. Wanaopandisha maghorofa huku kwetu walistahili kuambiwa hilo. Ukitumiwa tena, uliza: na baharini je?