Husuda ya Miungu wa Bahari: Uhakiki wa Chapa ya Mantegna

Tumezoea kutafuta dhamira katika riwaya, tamthilia na ushairi. Katika makala haya mafupi tunahakiki picha kwa vigezo hivyohivyo vya fani na maudhui. Picha yenyewe ni Vita vya Miungu wa Bahari, kazi ya Andrea Mantegna (1431–1506), mchoraji wa watawala wa Mantua, Italia, katika Zama za Mwamko. Aliichonga kwenye mabamba mawili ya shaba, ikachapwa karatasini, nakala zikasambaa.

Kifani, miungu hawa wana miili ya sanamu za kale za Kirumi, lakini wanapigana kwa fimbo na kwa samaki waliofungwa pamoja. Silaha za namna hiyo zinawavua utukufu. Kushoto amesimama ajuza aliyekonda, ameshika kibao chenye jina la Husuda kwa Kilatini. Nyuma yao sanamu ya Neptuno, mkuu wa bahari, imewapa mgongo. Kimaudhui tunaonelea kwamba husuda ikishaingia, hata wenye enzi hujidhalilisha, na aliyepaswa kuamua hageuki.

Baadhi ya wahakiki huihusisha kazi hii na ushindani wa wasanii wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1475, msanii Simone Ardizoni alimlalamikia kwa barua mtawala Ludovico Gonzaga kwamba Mantegna alimtumia watu wenye silaha wamvamie, kwa kuwa alimsaidia msanii mwenzake, Zoan Andrea, kutengeneza upya kazi za chapa. Hayo ni maelezo ya upande mmoja, lakini yanatuonyesha kuwa fani hii changa ilikuwa na ugomvi wake.

Hata hivyo, kuna jambo tusilokubaliana nalo. Wanaopigana ni wanaume wenye nguvu; lawama imewekwa katika mwili wa kikongwe asiyempiga mtu. Ni kweli kwamba Mantegna alirithi tashihisi hiyo: mshairi wa Kirumi Ovidius alikwisha kumchora Husuda kama mwanamke aliyekondeana, na katika Kilatini neno lenyewe lina jinsia ya kike. Ngeli za Kiswahili hazigawi nomino kwa uke na uume. Kwa hiyo msanii wetu atakayeipa husuda mwili hana sarufi ya kusingizia. Akimchagua bibi kizee, uamuzi ni wake.

Mwaka 1494 Mjerumani Albrecht Dürer alinakili kwa mkono nusu ya kulia ya chapa hii. Ajuza hayumo katika nusu hiyo, na vita vinaendelea vilevile. Kwa maoni yetu, nusu hiyo ina funzo kali zaidi, kwa sababu wapiganaji wanabeba kosa lao wenyewe.

Tunawahimiza wanafunzi, kila wakutanapo na tashihisi, iwe katika picha au katika shairi, wajiulize ni nani aliyepewa mwili wa uovu, na ni nani aliyeshika fimbo.