Salamu kutoka Los Angeles: Tanganyika ya Buddy Collette

Wengi mtaitafuta albamu hii kwa sababu ya jina. Mimi pia. Buddy Collette wa Los Angeles, mpuliza saksafoni ya alto na filimbi, aliirekodi Tanganyika mwaka 1956, Chico Hamilton akiwa kwenye dramu. Nimeisikiliza kwenye simu hapa Ras Kisimani, Mafia, ambako bahari imeula mji wa kale.

Niseme ukweli: sisi hatumo. Hakuna mdundiko wala taarabu. Ni jazi ya California, tulivu, iliyopangwa vizuri. Wimbo mmoja unaitwa A Walk on the Veldt, na veldt ni nyika ya Afrika Kusini! Nilikasirika kidogo. Kwani Afrika yote ni kijiji kimoja?

Lakini Collette alikuwa mstari wa mbele kupigania vyama vya wanamuziki weusi na weupe wa Los Angeles viungane, vikaungana 1953. Mtu kama huyo akiandika Tanganyika, miaka mitano kabla ya uhuru wetu, hajatuchora, ametusalimu. Jina lenyewe tuliliacha 1964. Hapa Kisimani nako mji umekwenda na maji, limebaki jina.

Isikilizeni, ila msijitafute humo. Itikieni tu salamu.