Ufundi wa Kitufe

Kitufe ni kitu kidogo katika ukurasa wa wavuti, lakini ndicho kinachompima fundi. Anayeanza kazi hupenda kuchukua kisanduku kitupu cha HTML, yaani div, akakipaka rangi, akakiviringa pembe, kisha akakifunga amri ya kubofya. Kwa macho, kitufe kimekamilika. Kasoro huigundua asiyetumia kipanya: akibonyeza Tab, kitufe kinarukwa, akibonyeza Enter, kimya, na kisoma skrini hakimwambii asiyeona kwamba hapo pana kitufe. Elementi ya button huja na hayo yote bila mstari wa ziada. Ila nayo ina mtego: ikikaa ndani ya fomu bila kutajiwa aina, kivinjari huihesabu kuwa ya kutuma. Mtu anabofya aone nywila yake, fomu inaondoka ikiwa nusu. Dawa ni kuandika type="button", basi.

Tangu React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, itolewe hadharani na Facebook mwaka 2013, kurasa nyingi hujengwa kwa vijenzi, na makosa yamehamia ndani zaidi. Chukua orodha ya manunuzi ambayo kila mstari una kisanduku cha kuandikia idadi. React huutambua kila mstari kwa ufunguo wake. Ufunguo ukiwa ni nafasi ya mstari, mteja akifuta sukari iliyo juu, mchele unapanda kushika nafasi ya 0, na ile 5 iliyoandikwa kwa ajili ya sukari inabaki palepale, sasa ikisomeka mbele ya mchele. Hakuna onyo, oda tu ndiyo imeharibika. Fundi mzuri huchukua ufunguo kutoka kwenye data yenyewe, ukaifuata bidhaa popote inapohamia.

Jumla ya bei nayo haifai kuhifadhiwa kando. Ikokotolewe upya kutoka kwenye orodha. Umahiri mwingi wa kazi hii uko katika kujua cha kuacha.

Kijenzi kinachoanzisha saa sharti kiizime kinapoondolewa. Toleo la 18 la React, la mwaka 2022, liliongeza ukali hapo: wakati wa kutengeneza, StrictMode, yaani hali yake ya ukaguzi, hukipachika kijenzi, hukiondoa na kukipachika tena, hivyo saa isiyozimwa huonekana sekunde zikihesabiwa mbilimbili. Wapo wanaoona afadhali kuondoa StrictMode kuliko kuandika mstari mmoja wa kusafisha, na kila mteja anaporudi kwenye ukurasa huo, saa nyingine huongezeka chini kwa chini.