Shahidi Ndani ya Kisa: Waigizaji na Uhusika wa Daktari katika Doctor Who

Makala haya yananuia kuchunguza suala ambalo uhakiki wetu wa tamthilia haujalipa nafasi linayostahili, nalo ni suala la mhusika mmoja anayepita mikononi mwa waigizaji wengi. Tumezoea kumsoma mhusika kama kiumbe cha maandishi. Tunamwita bapa au duara kwa kufuata istilahi alizozitumia E. M. Forster mwaka 1927 alipokuwa akijadili riwaya, kisha tunamhamishia jukwaani kana kwamba mwigizaji ni chombo tu cha kubebea kile alichokwisha kukiumba mtunzi. Msimamo huo huenda ukamfaa mhusika wa mchezo wa saa mbili. Haumfai mhusika aliyeanza kuonekana tarehe 23 Novemba 1963, ambaye amekwisha kuigizwa na watu zaidi ya kumi bila ya kudaiwa kuwa ni watu mbalimbali.

Mhusika huyo ni Daktari wa Doctor Who, mfululizo wa bunilizi ya kisayansi wa televisheni ya BBC nchini Uingereza. Daktari si binadamu. Ametoka sayari nyingine, naye husafiri katika wakati na anga kwa chombo chenye sura ya kibanda cha polisi wa London wa zamani. Mwili wake ufikiapo kifo hugeuka ukawa mwingine, na nafsi ikabaki ile ile. Mbinu hii haikutokana na nadharia yoyote. Mwaka 1966 afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, ilikuwa imedhoofu, naye mtayarishaji Innes Lloyd alitaka mfululizo uendelee. Shida ya utayarishaji ikageuzwa kuwa kisa. Hata istilahi ya tukio lenyewe, yaani kule kuzaliwa upya, haikutamkwa katika mfululizo hadi mwaka 1974.

Aghalabu mijadala kuhusu waigizaji hawa huishia katika kuwapanga kwa daraja: nani bora, nani dhaifu. Huo si uhakiki. Swali la maana ni hili: uhusika humwenea mwigizaji lini, na kwa njia gani? Ninatumia kitenzi *kuenea* kwa maana ya nguo kumkaa mtu sawasawa. Hoja ninayoitetea ni kwamba uhusika wa Daktari haumwenei mwigizaji kwa sababu ya kufanana na mtangulizi wake, wala kwa kipaji chake pekee. Humwenea pale ambapo ndani ya kisa yumo mtu anayemtilia shaka na ambaye baadaye humtambua. Mtu huyo nitamwita shahidi.

Hartnell mwenyewe hakuwa na mtangulizi, lakini shahidi alikuwa naye. Katika kisa cha kwanza kabisa, Daktari na wenzake wanakimbia katika enzi ya watu wa mapangoni, na majeruhi mmoja anawachelewesha. Daktari anaokota jiwe. Mwalimu Ian Chesterton anamshika mkono na kumuuliza analotaka kufanya. Mtazamaji aliyemjua Daktari katika miaka ya baadaye, akiwa mtetezi wa kila chenye uhai, hushtuka aonapo tukio hili. Mzee huyu mkali na mwenye hila si shujaa. Mashujaa ni walimu wawili aliowateka. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 42, vikionyeshwa wiki baada ya wiki, na katika mwendo huo Hartnell alilegea polepole. Hata kule kujikwaa kwake katika maneno, ambako kulitokana na uzito wa kazi na umri, kulimezwa na uhusika kukawa tabia ya babu msahaulifu. Hakuna mtunzi aliyeliandika hilo.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa Patrick Troughton katika *The Power of the Daleks* (Novemba 1966). Picha za kisa hiki zilifutwa na BBC, sauti ikanusurika, na katika sauti hiyo mtu anaweza kuisikia shaka kana kwamba anaishika. Mgeni huyu mwenye filimbi anamtaja Daktari kama mtu mwingine. Polly anaelekea kumwamini. Ben hamwamini hata chembe. Ben anaichukua pete aliyokuwa akiivaa yule mzee na kuijaribisha kidoleni mwa huyu mpya. Pete haimkai. Waandishi wa kisa hiki hawakumlainishia mwigizaji njia. Walikichukua kitambulisho kilicho rahisi kuliko vyote na kukikanusha mbele ya hadhira, kisha wakamwacha Troughton bila ya pete, bila ya sura na bila ya sauti ya mtangulizi wake.

Utambuzi unatoka mahali pasipotarajiwa. Dalek, kiumbe wa chuma aliye adui wa Daktari tangu mwaka 1963, anamwelekezea jicho lake na kumjua. Marafiki walitazama sura, kwa hiyo walikosea. Adui alitazama uadui, kwa hiyo akapatia. Kuanzia hapo shaka ya Ben inapoteza nguvu, na Troughton anapata uhuru wa kuwa mcheshi, mwoga wa kujifanya na mjanja, mambo ambayo Hartnell hakuyafanya kwa namna hiyo. Wenzetu wa fasihi simulizi hawatashangazwa na jambo hili. Wanajua kwamba Sungura wa fanani mmoja hawi Sungura mpaka hadhira iitikie, na kwamba fanani wa pili hapimwi kwa kuiga sauti ya wa kwanza.

Jon Pertwee (1970–1974) alianza akiwa kitandani hospitalini, na uhusika ukamwenea mapema mno kiasi kwamba hapana mengi ya kusema juu yake. Tom Baker (1974–1981) ni suala jingine. Alikuwa akifanya kazi ya mjengo alipopewa nafasi hiyo, na kisa chake cha kwanza, *Robot*, bado kina harufu ya Pertwee. Alijipata katika *Genesis of the Daleks* (1975), pale anaposhika nyaya mbili ambazo zikigusana zitakiangamiza kizazi chote cha Dalek, naye akasita. Shahidi hapa ni Sarah Jane Smith, anayemhimiza atende. Kusita kule, kwa mtu aliyeonekana kuwa mzaha mtupu wenye skafu ndefu, ndiko kulikomfanya Daktari. Hata hivyo alikaa misimu saba, na mwishoni uhusika haukuwa tena na upana wa kumzidi. Embe likikaa mtini kupita kiasi huanguka lenyewe. Wasafiri wenzake walikuwa wameacha kumtilia shaka. Walimcheka au walimstahi tu, na mtayarishaji John Nathan-Turner alipoingia mwaka 1980 alilazimika kuupunguza mzaha huo.

Peter Davison, aliyemfuata, anatupa ushahidi wa aina nyingine. *Castrovalva* (Januari 1982) ndicho kisa chake cha kwanza kuonyeshwa, lakini kilikuwa cha nne kurekodiwa. Utaratibu huo uligeuzwa ili mwigizaji aanze kwa kuuzoea uhusika, kisha arudi kuigiza kutouzoea. Katika kisa hicho anaifumua skafu ya mtangulizi wake na kuacha nyuzi zake njiani ndani ya chombo chao. Ni taswira ya wazi, labda wazi kupita kiasi, ya mwigizaji anayeachana na urithi.

Huenda msomaji akapinga kwamba yote haya ni kazi ya waandishi, na kwamba mwigizaji anatamka tu. Jibu linapatikana kwa Colin Baker, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa ndiye anayetajwa kila mara kuwa aliyeshindwa. Katika *The Twin Dilemma* (Machi 1984) Daktari mpya, akiwa amepagawa na mabadiliko ya mwili, anamkaba koo msafiri mwenzake Peri. Shaka ya shahidi haikuwahi kuwa na sababu nzito kuliko hiyo. Lakini utambuzi haukuandaliwa. Mwishoni Daktari anatangaza kwamba yeye ndiye Daktari, Peri apende asipende, naye Peri anatabasamu. Shahidi ameamrishwa, hakushawishika. Tena kisa hicho ndicho kilichofunga msimu, hivyo hadhira ilikaa na picha hiyo hadi Januari 1985. Nia ilikuwa kumlainisha Daktari huyu hatua kwa hatua, kwa miaka. Badala yake mfululizo ulisimamishwa kwa miezi 18, ukarudi mwaka 1986 na hadithi moja ya vipindi 14 ambamo Daktari yuko mahakamani akishitakiwa, kisha mwigizaji akaachishwa. Alikataa kurudi kwa ajili ya tukio la kufa, na Sylvester McCoy, mrithi wake, akavishwa nywele za bandia na kulala sakafuni badala yake.

Ikiwa dosari ilikuwa ya Colin Baker mwenyewe, ingalimfuata alikokwenda. Haikumfuata. Tangu mwaka 1999 kampuni ya Big Finish imekuwa ikitoa tamthilia za sauti za Doctor Who, naye Colin Baker amezishiriki tangu mwanzo. Mwaka 2000 alipewa msafiri mpya, Evelyn Smythe, mhadhiri wa historia aliyekwisha kula chumvi, aliyeigizwa na Maggie Stables. Evelyn hamwogopi. Humkatiza, humsahihisha, humkumbusha adabu, na Daktari analazimika kumstahi. Majivuno yale yale, sauti ile ile nzito, sasa vina mahali pa kugonga. Aliyekuwa hafai kwenye kioo amekuwa Daktari kamili kwenye sauti, na kilichobadilika kikubwa ni shahidi. Bila shaka kutoonekana kwa lile koti lake la rangi nyingi kulisaidia pia.

Mfululizo ulikoma mwaka 1989 na, mbali na filamu moja ya mwaka 1996, haukurejea hadi mwaka 2005. Waliourejesha walikuwa wamejifunza. David Tennant, katika *The Christmas Invasion* (Desemba 2005), analala sehemu kubwa ya kisa huku Rose akimlilia yule aliyekwenda. Anapoamka anapigana kwa upanga akiwa katika nguo za kulalia, na mavazi yake anayachagua baadaye, kitendo kikiwa kimetangulia maleba. Kwa Peter Capaldi (2014) mbinu ilichujuka kidogo. Clara anamtilia shaka mzee huyu, na anayemshawishi ni Daktari aliyetangulia, kwa simu aliyoipiga kabla ya kufa. Shahidi aliyeshawishiwa na mtangulizi hajamtambua mrithi. Capaldi alilipata alilolihitaji katika kipindi kilichofuata, pale Dalek anapomwambia kwamba yeye, Daktari, ndiye Dalek mwema. Adui amemtambua tena, safari hii kwa namna inayomuumiza, na uigizaji wa Capaldi kuanzia hapo ni jitihada ndefu ya kuikanusha kauli hiyo.

Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kuongoza mfululizo huu, alilaumiwa kwa wepesi. Lawama hiyo inasahau kwamba msimu wake wa kwanza (2018) ulitungwa makusudi bila ya maadui wa zamani, na wasafiri wake watatu walimwamini tangu siku ya kwanza. Alinyimwa shaka, akanyimwa na utambuzi. Ni mwaka 2020, alipokutana na Daktari mwingine asiyemjua, aliyeigizwa na Jo Martin, ndipo tunapomwona akitetereka na kupata uzito.

Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992 na kulelewa Scotland baada ya familia yake kuikimbia Rwanda, aliingia Desemba 2023 kwa namna isiyokuwa na kifani: Daktari wa zamani hakufa, na yule mpya alimkumbatia na kumliwaza. Alifika akiwa amekwisha kupona. Kwa nadharia ninayoitetea, huo ulikuwa mwanzo mgumu. Lakini katika *Dot and Bubble* (Juni 2024) Daktari anawasihi vijana weupe wa mji wa kitajiri wamfuate ili awaokoe na kifo. Wanakataa kwa sababu ya rangi yake. Gatwa anacheka kicheko kisichoamini, kisha kicheko kikakatika kikawa ukelele. Hakuna mtangulizi wake aliyewahi kukataliwa na shahidi kwa sababu hiyo, na hakuna ambaye angeweza kuirithisha namna ya kuijibu. Hapo uhusika ulimwenea. Alikuwa na vipindi 18 kwa jumla, visivyofika nusu ya vile Hartnell alivyopewa katika msimu wa kwanza pekee, na Mei 2025 akaondoka.