Kasumba au Uguzi? Dini katika Riwaya za Kezilahabi Zisomwapo Bukavu

Neno kasumba limekuwa na bahati mbaya katika uhakiki wetu. Kwa asili ni afyuni. Katika lugha ya siasa ya Afrika Mashariki likageuka kuwa jina la fikra ovu aliyotiwa mtu kichwani na mkoloni, na wahakiki wa mkabala wa Kimarx waliovuma Dar es Salaam tangu miaka ya 1970 walipolikuta katika Kiswahili cha Marx, shughuli ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Dini ni kasumba. Basi kila padri, shehe au mhubiri atokeaye katika riwaya ni wakala wa unyonyaji, na kila mhusika anayesali amelewa. Lakini Marx alipoandika tamko lake, lililochapishwa mwaka 1844, afyuni ilikuwa ikiuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya kwa ajili ya kutuliza maumivu, na katika aya hiyo hiyo aliiona dini kuwa pia malalamiko ya anayeteseka. Kiswahili kilichukua ulevi kikaiacha dawa. Upungufu huu wa tafsiri umewagharimu wanafunzi wetu zaidi ya inavyodhaniwa.

Tunasema hivyo kwa sababu ya mahali tunaposomea. Mwanafunzi wa Bukavu aghalabu hukutana na Kiswahili sanifu kwanza katika misa, katika Biblia na katika nyimbo za kwaya; kile cha sokoni Kadutu ni kingine. Anapofungua Rosa Mistika (1971) au Kichwamaji (1974) anaisoma lugha ambayo kwake tayari ni lugha ya sala. Akiambiwa kwamba Euphrase Kezilahabi, mtu aliyepitia seminari, anavua dini nguo, hushtuka, kisha huandika katika mtihani yale yanayotakiwa.

Hebu tutenganishe maswali mawili ambayo uhakiki huo huyachanganya. Kwa nini watu hufuata dini? Na je, jamii inaihitaji? Kichwamaji inashughulika na la kwanza tu. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, haoni tena maana ya kuishi, na mwishowe anajiua. Mungu anapojadiliwa humo, anajadiliwa kama tatizo la mtu mmoja aliye peke yake na akili yake. Upweke huo Kezilahabi ameuchora kwa ustadi ambao riwaya ya Kiswahili haikuwa nao kabla yake. Hata hivyo, jamii kama chombo chenye kuomboleza na kugawana mzigo imekaa pembeni mwa kitabu.

Katika Bukavu chombo hicho hakiwezi kukaa pembeni. Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa mwaka 1974. Mwaka 1977 ikazirudisha kwa mkataba, kwa kuwa haikuweza kuziendesha. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999, iko chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Mukwege mwenyewe ni mwana wa mchungaji. Mtu akifiwa, wa kwanza kufika na sufuria na unga ni wenzake wa jumuiya ya kanisa.

Mpinzani atajibu, na atakuwa na haki, kwamba haya yanathibitisha haja ya shule, hospitali na majirani wema, wala hayathibitishi haja ya dini. Serikali ikisimama imara, makanisa yatabaki na nini? Tena ataongeza ng'ambo ya Ruzizi: Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ya Kikristo kupita nyingi barani, na watu waliuawa ndani ya makanisa, kama Ntarama na Nyange, na waumini wenzao. Émile Durkheim alikwisha kufundisha mwaka 1912 kwamba katika ibada jamii hujiabudu yenyewe. Ikiwa ndivyo, jamii iliyojaa chuki itaiabudu chuki yake, na sala haitaizuia.

Hoja hii ni nzito, nasi hatuna la kuipinga kwa jumla. Tuna mtu mmoja wa kuitatiza. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti na askofu mkuu wa Bukavu, aliwakemea askari wa Mobutu kwa uporaji wao, na wakati huo huo akawatetea wakimbizi wa Rwanda waliojazana Kivu tangu 1994, ambao wakazi wengi hawakutaka hata kuwaona. Aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa ukitekwa. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, alikemea ukandamizaji katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999. Februari 2000 watawala wa RCD wakamhamishia Butembo kwa nguvu. Alirudi Septemba, akafariki Roma mwezi uliofuata. Jamii inayojiabudu haimtumi mtu kumtetea mgeni inayemchukia. Kuna kitu katika dini ya watu hawa kilichosimama nje ya jamii na kuishitaki, na nadharia ya Durkheim haina mahali pa kukiweka. Nadharia ya kasumba haina kabisa. Mlevi hakemei wenye bunduki.

Turudi kwenye Rosa Mistika. Riwaya hii, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, haiishii kwenye kujiua kwa Rosa. Inafuata hukumu: Rosa na baba yake, Zakaria, wako mbele ya Mungu, na jambo linalobishaniwa ni nani alaumiwe. Ni rahisi kuiona sehemu hiyo kama kiraka cha kikatekisimu, au kejeli, na kuiruka. Sisi tunaona ndipo swali la pili linapoingia. Kijijini hapakuwa na baraza ambalo Rosa angeweza kumshitakia baba aliyemlea kwa ukali bila mafunzo. Mwandishi amelazimika kulitafuta mbinguni.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti yenye kuorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Yaliyofikishwa mahakamani ni machache mno. Msomaji wa Bukavu anapofika kwenye ukurasa ambapo marehemu wanaitwa mmoja mmoja kutoa maelezo yao, haoni mbinu ya kifasihi kwanza. Anaona kikao ambacho hajawahi kukiona kikifunguliwa duniani, na anasoma polepole, akitaka kujua kama shahidi ataruhusiwa kumaliza kusema.